Tathmini ya Mifumo Ikolojia na Sera ya Mazingira Zanzibar: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila panapokaliwa kikao cha mazingira, iwe Wete, Makunduchi au katika kumbi za mjini. Majibu yake hayalingani urefu kwa sababu maswali nayo hayalingani uzito.

Tathmini ya mfumo ikolojia ni kitu gani hasa?

Ni kazi ya kukusanya yote yanayojulikana kuhusu sehemu yenye uhai, kama msitu, ghuba, mwamba wa matumbawe au kisiwa kizima, kisha kuyapanga yajibu mambo manne. Hali ya sehemu hiyo ikoje? Watu wanapata nini kutoka kwake? Nini kinaibadilisha? Na huko mbele kutakuwaje, tukiendelea hivi hivi au tukiamua vingine?

Chukua Masingini. Anayepita kwa gari kuelekea Bububu anaona kilima chenye miti, basi. Lakini mji wa Zanzibar umekunywa maji ya chemchemi za upande ule tangu zama za Sayyid Barghash, karne ya 19, alipoyavuta kwa mifereji hadi mjini. Mvua ya masika ikinyesha pale, miti na udongo wake huyapokea maji yakazama, badala ya kuteremka barabarani na kuishia baharini. Mfanya tathmini atauliza miti imebaki kiasi gani, nyumba zimefika wapi, maji yanayozama yameongezeka au yamepungua, na ni mitaa gani itakayokauka kwanza kilima kikinyolewa. Afanyavyo ni kama mwenye duka anayefunga siku moja ahesabu mali: hauzi wala hanunui siku hiyo, lakini bila ya hesabu ile atakuwa anakula mtaji akidhani anakula faida.

Na sisi nafasi ya kukosea ni ndogo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Ardhi ni ile ile, kilomita za mraba 2,654 Unguja na Pemba pamoja, na sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya Unguja ni maweni ambako hata shimo la mgomba huchimbwa kwa taabu.

Hiyo si ndiyo ile tathmini ya athari za mazingira wanayofanya wawekezaji?

Siyo, na kuchanganya mambo haya mawili kumeleta madhara mengi kuliko watu wanavyodhani.

Tathmini ya athari za mazingira huanza na mradi. Mtu anataka kujenga hoteli, gati au kuchimba kifusi. Sheria inamtaka aeleze mradi wake utadhuru nini na atapunguza vipi madhara hayo. Anayelipia ni mwenye mradi. Kwa Zanzibar msingi wake ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Nam. 3 ya 2015, ambayo ndiyo pia iliyoiunda Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA.

Tathmini ya mfumo ikolojia huanza na mahali. Haiulizi hoteli hii itafanya nini; inauliza ghuba hii inabeba mzigo gani tayari, na inaweza kuongezewa upi. Tofauti inaonekana pale ambapo hoteli kumi zimejipanga ufukwe mmoja, kila moja ina cheti chake halali, kila moja imethibitisha kwamba maji machafu yake hayatadhuru kitu, na bado majani ya baharini yamefunikwa na mwani pori na samaki wamehama. Hakuna aliyedanganya. Ila hakuna aliyeulizwa kuhusu zote kumi kwa pamoja.

Kati ya hizi mbili kuna ya tatu, tathmini ya kimkakati, ambayo hupima sera au mpango mzima kabla haujapitishwa, kwa mfano mpango wa utalii wa ukanda wa mashariki. Hii nayo haina pa kushika kama hakuna tathmini ya mfumo ikolojia ya kuiegemea.

Nani aliyeanzisha utaratibu huu?

Kuhesabu misitu na samaki ni kazi ya zamani. Lililo jipya ni kuunganisha hesabu hizo na maisha ya watu, na kuzielekeza kwa serikali. Mwaka 2001 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, alizindua Tathmini ya Milenia ya Mifumo Ikolojia. Wataalamu zaidi ya 1,300 walishiriki, na matokeo yalitoka 2005: kati ya huduma 24 ambazo watu huzipata kutoka kwenye maumbile, 15 zilikuwa zimeharibika au zinatumiwa kwa namna isiyoweza kudumu. Mwaka 2012 mataifa yakaunda chombo cha kudumu cha sayansi na sera juu ya bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe, kinachojulikana kwa kifupi IPBES, chenye makao yake Bonn, Ujerumani. Chombo hicho kilitoa tathmini ya Afrika mwaka 2018 na ya dunia nzima 2019, ile iliyosema kuwa spishi zipatazo milioni moja zimo hatarini kutoweka.

Kama tathmini haitoi amri, inamsaidia nini waziri?

Kweli haitoi. IPBES imejiwekea kanuni kwamba kazi yake ni kuwapa watunga sera maarifa wanayoyahitaji, si kuwaamulia. Wapo wanaoiona kanuni hii kuwa ni woga wa wanasayansi. Mimi naiona ndiyo nguvu yake. Anayepitisha sera ana mambo ambayo mtafiti hayabebi: ajira za vijana, deni la serikali, wapigakura wa jimbo, ahadi iliyotolewa mkutanoni. Ukimletea amri ataiweka pembeni. Ukimletea njia tatu, kila moja na gharama yake na watakaoibeba gharama hiyo, itambidi achague, na uchaguzi wake utaonekana.

Uingereza ilifanya tathmini ya taifa zima ikaitoa 2011. Mwaka ule ule serikali yao ilitoa waraka wa sera juu ya mazingira ya asili ulioegemea tathmini hiyo, na mwaka uliofuata ikaundwa kamati ya kuishauri serikali juu ya mtaji wa asili. Mfano mwingine ni tathmini ya wachavushaji ya IPBES, ya 2016. Ilionesha kuwa zaidi ya robo tatu ya mazao makuu ya chakula duniani yanategemea nyuki na wenzake kwa kiasi fulani, na kabla mwaka haujesha kundi la nchi lilikuwa limeahidiana kuandaa mikakati ya kuwalinda. Mara nyingi sayansi haisikilizwi haraka hivyo. Pale ilisikilizwa kwa sababu swali lilikuwa jembamba na wizara za kilimo zilikuwa tayari na hofu ya jambo hilo.

Hapa kwetu kuna mfano wa hesabu iliyobadilisha uamuzi?

Ipo, na ninaoupenda kuliko yote ni mdogo mno: matuta ya barabarani. Miaka ya 1990 watafiti waliokuwa msitu wa Jozani, Unguja, walianza kuandika kila kima punju aliyegongwa na gari kwenye barabara ya kusini. Orodha ile ilipofika kwa wahusika, matuta yakajengwa mahali kima wanapovuka, na vifo vikapungua sana. Hakuna warsha ya siku tatu iliyohitajika. Hesabu ilikuwa fupi, mahali palijulikana, na mwenye uwezo wa kujenga tuta alijulikana.

Jozani yenyewe, pamoja na Ghuba ya Chwaka, ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, ya kwanza Zanzibar. Baadaye, mwaka 2017, yalitangazwa matokeo ya hesabu kubwa ya kima punju wa Unguja: zaidi ya 5,800, yaani zaidi ya mara tatu ya walivyodhaniwa kuwa. Wengi waliishia kusoma namba hiyo wakashangilia. Lakini hesabu hiyo hiyo ilionesha pia kuwa watoto wengi wa kima hawafiki utu uzima, na kwamba walioko nje ya maeneo yaliyohifadhiwa wana hali mbaya zaidi. Kwa mtunga sera, habari iko hapo. Ukitazama namba kubwa peke yake utasema kazi imekwisha. Ukitazama umri na mahali utaona kuwa misitu iliyo nje ya hifadhi, ile ya shehia, ndiyo inayoamua kama kima watakuwepo.

Pemba kuna popo. Popo wa Pemba haishi pengine popote duniani, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa amewindwa kwa kitoweo hadi ikahofiwa anakwisha. Uzuri wa popo ni kuwa hulala mchana juu ya miti ile ile, kwa hivyo anahesabika. Uchunguzi ulionesha miti ipo wapi, wanakijiji wakaunda vikundi vya kuilinda, na Kidike wageni wakaanza kulipa kuja kuwatazama. Mwaka 1996 orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini ilimweka daraja la juu kabisa la hatari; mwaka 2008 ikamshusha madaraja mawili. Viumbe wanaoshuka katika orodha ile ni wachache.

Na kuna pweza. Kisiwa Panza na vijiji vingine vya Pemba, na kusini ya Unguja pia, jamii zimekuwa zikifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa kisha kuifungua. Inafanya kazi kwa sababu ya maumbile ya pweza mwenyewe: huishi kama mwaka mmoja au zaidi kidogo tu, na hukua mbio. Siku ya kufungua, watu hupima uzito wa pweza pale pale ufukweni, wanaandika, wanaamua tena. Tathmini ndogo, inayofanywa na wanaokula matokeo yake.

Na mfano wa kuamua bila ya tathmini?

Kunguru. Aliletwa Unguja miaka ya 1890, enzi za Waingereza, ale taka za mji. Aliyemleta alikuwa na tatizo la kweli na dawa iliyoonekana rahisi. Hakuna aliyeuliza kunguru atakula nini taka zisipomtosha. Amekula mayai na makinda ya ndege wetu, vifaranga vya kuku, akavuka na bahari akatapakaa mwambao. Kampeni za kumpunguza zimefanywa zaidi ya mara moja, na bado yupo, anakutazama kutoka juu ya paa ukiwa unakula mkate wako.

Chui wa Unguja ni hadithi nzito zaidi. Alihesabiwa kuwa mharibifu, akahusishwa na wachawi waliosemwa kumfuga, na katikati ya miaka ya 1960 ikapita kampeni ya kumsaka. Watafiti waliomtafuta miaka ya 1990 walipata visa vingi, chui hawakumpata. Walioogopa chui hawakuwa wajinga. Mbuzi wao waliliwa kweli. Lakini uamuzi wa kummaliza ulifanywa bila mtu kujua wamebaki wangapi.

Mazingira ni jambo la Muungano?

Hapana, hayamo katika orodha ya mambo ya Muungano. Zanzibar ina sera yake ya mazingira (ya 1992, ikafuatiwa na ya 2013), sheria yake, mamlaka yake. Lakini mambo ya nje ni ya Muungano, kwa hivyo mikataba ya kimataifa, ukiwemo ule wa bioanuwai, husainiwa na Jamhuri ya Muungano. Na uvuvi wa bahari kuu unasimamiwa na mamlaka moja kwa pande zote mbili. Kwa anayefanya tathmini maana yake ni kuwa ripoti juu ya jodari na ripoti juu ya changu wa ndani ya mwamba haziendi meza moja. Ajue mapema.

Kwa nini ripoti nyingi huishia kabatini?

Sababu ya kwanza ni kwamba hazikuombwa na mtu mwenye uamuzi wa kufanya. Mradi wa wafadhili umekuja na fedha za utafiti, utafiti umefanyika, ripoti imezinduliwa hotelini kwa chai na sambusa, mradi umemalizika. Aliyeuliza swali ni mradi, na mradi haupo tena. Jaribu kuuliza, kabla tathmini haijaanza: ni ofisi gani imesema kwa maandishi kuwa inasubiri jibu hili, na italitumia kuamua nini? Kama hakuna, nyinyi mnaandika kwa ajili ya maktaba. Maktaba nazo zina faida yake, lakini msiite kazi hiyo kuishauri serikali.

Sababu ya pili ni kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai, na bajeti hujadiliwa Baraza la Wawakilishi miezi ya kabla yake. Wizara zinaanza kupanga mapema zaidi. Ripoti inayotoka Agosti, hata iwe nzuri vipi, imechelewa karibu mwaka mzima. Watafiti wanaijua kalenda ya pepo za kusi na kaskazi kwa sababu boti zao zinaitegemea. Hii ya bajeti wengi hawana habari nayo.

Sababu ya tatu ni lugha. Kurasa 140 za Kiingereza, na mwisho kabisa "muhtasari kwa jamii" wa ukurasa mmoja uliofasiriwa usiku wa kuamkia uzinduzi. Sheha hawezi kuutumia. Mjumbe wa Baraza hatousoma. Hata ofisa wa wilaya aliyesoma Kiingereza hadi chuo kikuu anahitaji sentensi atakayoweza kuisema kikaoni kwa Kiswahili bila kuanza kutafuta maneno.

Nne, na hii watu hawapendi kuisema: mara nyingine ripoti hufichwa kwa sababu imeeleweka vizuri mno. Imetaja eneo, imetaja shughuli, na shughuli ina wenyewe. Dawa yake ni kuhakikisha tangu mwanzo kuwa nakala zitawekwa hadharani, na kuwa takwimu zitakabidhiwa pia kwa Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, siyo kwa wizara moja tu.

Watafiti wanakuja, wanatuuliza, wanaondoka. Sisi wavuvi na akina mama wa pwani tunahesabiwa kweli?

Mnapaswa kuhesabiwa, na si kwa hisani. IPBES yenyewe imeyaweka maarifa ya wenyeji kuwa sehemu ya ushahidi. Mvuvi wa Kojani anajua samaki gani amehama mwamba upi na tangu mwaka gani. Wanaotega madema Chwaka wanajua majani ya baharini yamebaki wapi kwa kuangalia dema likitoka na nini. Hakuna satelaiti itakayokupa hilo.

Lakini angalieni nani anayeulizwa. Mtafiti akifika bandarini saa kumi na mbili asubuhi atakutana na wanaume wenye ngarawa na mashua. Wanawake hatowaona, wao hushuka pwani maji yakitoka, na bamvua lina saa zake. Kuchokoa pweza, kuokota chaza na kombe, kulima mwani: kitoweo cha nyumba nyingi kinatoka huko. Tathmini ikiwakosa itaandika kwamba eneo la kina kifupi "halitumiki sana", na sera itakayofuata italifunga au kumpa mwekezaji. Kamati ya wavuvi ya shehia ina haki ya kumuuliza mtafiti: umepanga kuja pwani saa ngapi?

Na kuna namna ya kuzungumza. Kisiwa cha Misali, upande wa magharibi wa Pemba, kilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1998. Mafunzo ya uhifadhi kwa wavuvi wake yalipojengwa juu ya Qur'ani, juu ya mwanadamu kuwa ni khalifa katika ardhi, na israfu kuwa ni makosa, mazungumzo yalifika mahali ambapo karatasi za kanuni hazikufika. Kanuni zilikuwa zile zile, ila safari hii aliyezieleza alikuwa anaaminika.

Mbona wataalamu wanapenda kuitia bei mikoko? Uhai unanunuliwa?

Haununuliwi, na wasiwasi wako una haki. Nia yao ni kwamba katika meza ya bajeti kitu kisicho na namba huhesabiwa sifuri. Mkoko, mchu, mkandaa na muia vikikatwa, boriti na kuni zina bei sokoni siku hiyo hiyo. Kazi ya mikoko hiyo iliyosimama, yaani kuvunja nguvu ya mawimbi, kuzuia chumvi isiingie mashambani, kulea kamba na samaki wachanga, kuhifadhi hewa ya ukaa topeni, haina risiti. Kwa hivyo wanatafuta risiti: ukuta wa bahari wa urefu ule ungegharimu kiasi gani? Umoja wa Mataifa ulipitisha 2021 utaratibu wa kitakwimu wa kuhesabu mifumo ikolojia sambamba na pato la taifa, na nchi zinaweza kuutumia bila kubuni wao.

Hatari iko hapa. Ukishaitaja bei, atatokea mwenye kuweza kuilipa. Atasema nalipa thamani ya mikoko hii, nipeni eneo. Kwa hivyo namba itumike kuonesha hasara, isitumike kama bei ya mnada; na vitu kama makaburi, misitu ya mizimu na mahali watoto wanapojifunza kuogelea viandikwe kwa maneno tu.

Mwani si unatulisha? Kwa nini baadhi ya tafiti zinaulaumu?

Hili ndilo somo zuri kuliko yote la jinsi tathmini inavyotakiwa kuwa, kwa sababu hakuna mwovu ndani yake.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989. Wengi wa wakulima ni wanawake, na kwa wengi wao zilikuwa fedha za mwanzo kuzishika bila kumuomba mtu. Zilijengwa nyumba, zililipwa ada. Halafu maji ya kina kifupi yakazidi joto. Kotonii, aina yenye bei nzuri, ikaanza kuoza na kufa sehemu nyingi; ikabaki spinosamu, ambayo inavumilia zaidi lakini bei yake ni ya kusikitisha. Wakati huo huo tafiti zilizofanywa Ghuba ya Chwaka zilionesha kuwa majani ya baharini chini ya mashamba ya mwani hupungua, na majani hayo ndiyo nyumba ya samaki wanaotegwa na madema.

Basi sera ifanye nini? Ukitazama kipato cha wanawake peke yake utasema ongeza mashamba. Ukitazama majani peke yake utasema punguza. Tathmini huyaweka yote mezani pamoja na njia za kati: kuhamishia mashamba kwenye maji marefu yenye ubaridi, jambo linalohitaji boti, na wanawake wengi hawana boti wala hawakufundishwa kuogelea, au kusindika mwani hapa hapa kwa sabuni na mafuta, ili eneo dogo lilete fedha zaidi. Mradi wa maji marefu usiokuwa na fungu la boti na mafunzo ya kuogelea utahamisha kilimo kutoka kwa wanawake kwenda kwa wanaume, kimya kimya, na ripoti ya mwisho itasema umefanikiwa.

Takwimu hazitoshi. Tusubiri zikamilike?

Hazitakamilika. Amueni kwa zilizopo, andikeni mna uhakika kiasi gani, na wekeni tarehe ya kurudi kutazama. Pale ambapo kosa haliwezi kurekebishwa, kama mchanga uliokwisha kuchimbwa au kisima kilichoingia chumvi, upungufu wa takwimu ni sababu ya kwenda polepole.

Uchumi wa buluu hauoni tathmini kuwa ni kizuizi?

Inategemea nani anasema. Tangu Novemba 2020 tuna wizara yenye jina hilo, na chini ya mwavuli wa uchumi huo wa bahari wamo wavuvi, wakulima wa mwani, utalii, bandari, pamoja na matumaini ya mafuta na gesi. Wote wanaitaka bahari ile ile. Panapokosekana tathmini, anayefika mwanzo ndiye anayepata, na mara nyingi anayefika mwanzo ni mwenye fedha. Kwa hiyo kwa mvuvi mdogo tathmini ni kinga. Kwa mwekezaji makini nayo ni kinga, maana hakuna anayependa kujenga hoteli ya miaka 33 mbele ya mwamba utakaokufa katika miaka 10. Matumbawe yetu yalipauka vibaya mwaka 1998 bahari ilipopata joto la El Niño, na yamepauka tena baadaye. Chumbe, hifadhi iliyofungwa kwa uvuvi tangu 1994, haikusalimika na joto, ila mwamba usiovuliwa una nafasi nzuri zaidi ya kupona. Hilo ni jambo la kupangia fedha.

Mwekezaji amekuja shehiani na cheti. Tuulize nini?

Ulizeni ripoti kamili, si cheti peke yake. Ulizeni imehesabu shughuli zilizopo tayari jirani au mradi wake tu. Ulizeni walikuja msimu gani, kwa sababu pwani ya kaskazi na pwani ya kusi ni pwani mbili. Ulizeni majina ya sehemu: ripoti isiyotaja hata jina moja la mwamba au kijito kama mnavyoviita nyinyi, huenda iliandikwa mbali. Tena andikeni majibu, mwenyekiti na katibu watie saini, nakala ibaki kwa Bwana au Bibi Sheha na nyingine wilayani. Kikao bila ya muhtasari ulioandikwa hakina ushahidi.

Inachukua muda gani?

Ile ya Milenia ilichukua miaka minne. Ya ghuba moja inaweza kumalizika katika misimu miwili, na isifanywe chini ya hapo, ili kusi na kaskazi zote zionekane. Hesabu ya kima waliogongwa haikuhitaji zaidi ya daftari na subira.

Mimi ni mwanafunzi, nataka kuingia kazi hii. Nianzie wapi?

Buyu kuna Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kuna masomo ya mazingira, na idara za misitu na uvuvi zina ripoti za zamani ambazo hakuna aliyezifungua muda mrefu. Kabla hujaenda kupima kitu kipya, tafuta hesabu ya miaka 20 iliyopita ya mahali unapopajua, rudi pale pale, hesabu tena kwa njia ile ile. Tofauti kati ya namba mbili ndiyo kitu ambacho wizara haina, na swali la kwanza ambalo mjumbe wa Baraza atakuuliza ni hilo: ilikuwaje zamani? Nenda pia na mzee wa kijiji. Akikwambia "hapa palikuwa na mchu mpaka kwenye lile jiwe", nenda hadi kwenye jiwe, pima, andika na jina lake kama ameridhia.